Je, albamu ya “Rheingold” ya Grave Digger inamwimba Siegfried yupi?

Swali kutoka kwa Mkono wa Gitaa

Ndugu zangu, salaamu.

Mimi ni mpenzi wa pawa metali ya Kijerumani, yaani roki nzito ya huko, wa miaka mingi, na bendi iliyonizoesha kusikiliza albamu tangu wimbo wa kwanza hadi wa mwisho, kama mtu anayesikiliza utenzi ukighaniwa bila kukatizwa, ni Grave Digger, iliyoanzishwa mwaka 1980 katika mji wa Gladbeck, kwenye eneo la migodi ya makaa ya mawe la Ruhr. Niliifahamu kupitia zile albamu zake tatu za Zama za Kati: “Tunes of War” ya mwaka 1996, inayosimulia mapambano ya Waskoti na Waingereza, “Knights of the Cross” ya mwaka 1998, inayohusu watawa wapiganaji wa Hekalu, na “Excalibur” ya mwaka 1999, inayomhusu Mfalme Arthur na meza yake ya duara. Katika zote tatu sikupata taabu kufuata kisa, kwa sababu kila nilipofungua kitabu cha historia au cha hekaya husika nilikuta majina yaleyale niliyokwisha kuyasikia yakiimbwa.

Taabu yangu imeanza na “Rheingold” ya mwaka 2003. Kila niliyemuuliza aliniambia kwamba inatokana na hekaya ya Wanibelungi, yaani kisa cha Siegfried muua joka. Basi nikatafuta tafsiri ya utenzi wenyewe, “Nibelungenlied”, uliotungwa mnamo mwaka 1200 na mtu asiyejulikana jina, nikausoma wote kwa majuma matatu, sura 39 kamili. Nilipomaliza niliandika majina ya nyimbo 10 za albamu upande wa kushoto wa karatasi, na upande wa kulia nikaandika namba za sura, kisha nikajaribu kuvuta mistari ya kuziunganisha.

Nilivuta mistari mitatu tu. “Murderer”, yaani muuaji, niliuunganisha na sura ya 16, ambamo Siegfried anachomwa mkuki mgongoni akiwa ameinama kunywa maji ya chemchemi. “Dragon” niliupeleka kwenye sura ya 3, lakini kwa shingo upande, kwa sababu joka humo linatajwa kwa maneno machache yanayotoka kinywani mwa Hagen, mtumishi mkuu wa wafalme wa Worms, mji wa ukingoni mwa mto Rhein, wala msomaji haonyeshwi pambano lenyewe. “Sword” niliupa upanga wa Siegfried uitwao Balmung. Nyimbo nyingine zote zilikosa mwenzi. Sikukuta majitu yanayojenga ngome, wala Valhalla, wala mabinti wa vita, wala pete yenye nguvu za kuutawala ulimwengu. Kwa hakika sikukuta miungu ya aina yoyote, maana watu wa Worms katika utenzi huo ni Wakristo wanaokwenda misa. Kwa upande mwingine, nusu nzima ya pili ya utenzi, ambamo Kriemhild, mjane wa Siegfried, anaolewa na Etzel mfalme wa Wahun na kulipiza kisasi mpaka ndugu zake mwenyewe wanateketea, siisikii popote katika albamu.

Je, nimesoma kitabu kisicho? Na kama ndivyo, msikilizaji wa albamu hii asome nini ili aifuate?

Jibu kutoka kwa Kando ya Rhein

Ndugu Mkono wa Gitaa, salaamu nyingi kutoka Bonn.

Kitabu ulichosoma ni chema sana, ila kinamhusu Siegfried mwingine, mwenye jina lilelile na kifo kinachofanana. Albamu hii haikufuata utenzi wa mwaka 1200. Imefuata opera nne za mtunzi Mjerumani Richard Wagner zinazoitwa kwa pamoja “Der Ring des Nibelungen”, kazi aliyoianza mwaka 1848 akaimaliza mwaka 1874, na ambayo ilionyeshwa nzima kwa mara ya kwanza mjini Bayreuth mwezi Agosti mwaka 1876. Jina la albamu ndilo jina la opera ya kwanza, “Das Rheingold”, na jina la wimbo wake wa 10, “Twilight of the Gods”, ni tafsiri ya jina la opera ya nne, “Götterdämmerung”, yaani machweo ya miungu. Ukiyaona majina hayo mawili, mmoja mwanzoni na mwingine mwishoni, utatambua kwamba bendi imekwisha kukuonyesha mlango wa kuingilia na wa kutokea.

Igeuze karatasi yako, uandike opera nne mahali pa sura 39. “Rheingold”, “Valhalla” na “Giants” zitakwenda kwenye opera ya kwanza. Humo kibete Alberich anawaibia mabinti wa mto Rhein dhahabu yao baada ya kuapa kuachana na mapenzi, anafua pete ya kumpa mamlaka juu ya ulimwengu, na wakati huohuo mungu mkuu Wotan anadaiwa na majitu mawili, Fasolt na Fafner, ujira wa kujenga ngome ya Valhalla. Wotan anampokonya Alberich dhahabu na pete, analipa nayo deni lake, na kabla majitu hayajaondoka mmoja amekwisha kumuua mwenziwe kwa ajili ya mali hiyo. “Maidens of War” utaupeleka kwenye opera ya pili, “Die Walküre”, kwa sababu hao ndio mabinti wa Wotan wanaookota mashujaa waliofia vitani na kuwapeleka Valhalla, na mmoja wao ni Brünnhilde, anayemwasi baba yake akaadhibiwa kulazwa usingizi ndani ya duara la moto. “Sword” utashika opera mbili, kwa kuwa upanga uitwao Nothung unachomolewa kutoka kwenye mti katika opera ya pili, unavunjika, na Siegfried anaufua upya katika ya tatu. Kwa upanga huo anamuua Fafner, aliyejigeuza joka ili kulinda hazina, na hapo ndipo pahala pa “Dragon”. “Liar” na “Murderer”, mwongo na muuaji, zimewekwa kati ya joka na machweo, kule ambako hadithi inaingia katika hila na usaliti. Hatimaye Brünnhilde anajitosa katika moto wa maziko ya Siegfried, mto unafurika, mabinti wa Rhein wanairudisha pete yao, na Valhalla inaungua pamoja na miungu iliyomo.

Opera hizo nne huchukua takriban saa 15, ilhali albamu haifiki saa moja, kwa hiyo usitegemee kwamba kila mtu atapewa nafasi. Hata hivyo nakushauri usikilize angalau mwanzo wa “Das Rheingold”. Wagner ameweka pale mizani 136, yaani vipimo vya mapigo, za kodi moja tu (noti zinazolia pamoja) ya mi bemoli, inayoanza chini kabisa kwenye mabesi na kupanda polepole mpaka masikio yanaona maji yakijaa. Kisha rudi kwenye albamu, uanze na wimbo wa kwanza, “The Ring”, ambao ni wa ala tupu bila mwimbaji, na utaelewa kwa nini haikuwafaa kuanza moja kwa moja na gitaa na mayowe.

Jambo moja la kuongeza, lisije likadhaniwa kwamba Wagner alijitungia tu. Yeye mwenyewe alichota zaidi katika maandishi ya Kiaislandi ya karne ya 13, yaani Edda na hadithi ya ukoo wa Volsungi, kuliko katika utenzi wa Kijerumani uliousoma, na ndiyo maana miungu ipo kwake na haipo kwa mtunzi wa mwaka 1200. Matawi yote mawili ni ya Zama za Kati. Hata Wajerumani wenyewe huyachanganya. Hapa karibu na kwetu, juu ya mji wa Königswinter, kuna kilima chenye urefu wa mita 321 kiitwacho Drachenfels, yaani Jabali la Joka, ambako watu husimulia kwamba ndipo Siegfried alipoliua joka lake. Ukipanda kwa miguu kuelekea kileleni, huku treni ya reli yenye meno iliyoanza kazi mwaka 1883 ikikupita kando, utalikuta jumba lililojengwa mwaka 1913 kuadhimisha miaka 100 tangu kuzaliwa kwa Wagner, na ndani yake kuna michoro ya matukio ya opera zake. Wageni wengi niliowapeleka pale wametoka wakiamini kwamba wameona utenzi wa kale.

Jibu kutoka kwa Mwalimu wa Fasihi

Nawashukuru nyote wawili. Maelezo ya ndugu yetu wa Bonn yamenyooka, nami sina la kuyapinga kuhusu asili ya albamu. Ninalotaka kulisema ni kwamba si haki kumwacha muulizaji akidhani kuwa majuma yake matatu yamepotea bure, kwa sababu katika kuhama kutoka utenzi hadi opera, na kutoka opera hadi albamu, kuna kitu kikubwa kilichodondoka njiani, na ni yule aliyesoma utenzi peke yake anayeweza kukiona.

Tuchukue kifo chenyewe. Katika utenzi, Siegfried aliogea damu ya joka ngozi yake ikawa ngumu kama pembe, isipokuwa mahali pamoja kati ya mabega, ambapo jani la mti uitwao Linde lilianguka likazuia damu isipaguse. Siri hiyo anaijua mkewe Kriemhild. Hagen anamwendea akijifanya anataka kumlinda mumewe vitani, na mke, kwa hofu na kwa mapenzi, anamweleza mahali penyewe na hata kushonea msalaba mdogo wa hariri juu ya vazi la mumewe ili mlinzi asikosee. Mlinzi ndiye muuaji, na mkuki unapita palepale aliposhona kwa mkono wake. Sasa tazameni alivyofanya Wagner: kwake hakuna jani wala kuoga damu. Joka linapokufa, damu yake inamgusa Siegfried ulimini akaelewa lugha ya ndege, basi. Mgongo wake uko wazi kwa sababu Brünnhilde, alipomkinga kwa uganga, hakuona haja ya kuukinga mgongo wa mtu asiyepata kumpa adui kisogo. Ni wazo zuri, nakiri. Lakini ule msalaba wa hariri umekwenda, na pamoja nao ile sindano ya mke.

Nasema sindano makusudi, kwa kuwa sisi watu wa pwani hatuhitaji kwenda Worms ili kulielewa jambo hili. Fumo Liyongo naye hakudhurika kwa mkuki wala mshale, na siri yake ilikuwa moja: sindano ya shaba ichomwe kitovuni. Katika utenzi alioutunga Muhamadi Kijumwa wa Lamu mwaka 1913, mfalme wa Pate anamhadaa mtoto wa Liyongo kwa ahadi ya cheo na ya kuozwa binti yake, mtoto anamuuliza baba siri, na baba anamwambia huku akitambua ndani ya moyo wake kwamba ametumwa. Hekaya mbili zilizotungwa mbali sana zimekutana mahali pamoja: shujaa asiyeshindika hushindwa na yule tu anayelala nyumba moja naye. Tofauti yao imo katika nia, kwa maana Kriemhild alitoa siri kwa mapenzi na mtoto wa Liyongo aliitoa kwa tamaa, na kwa maoni yangu hapo ndipo utenzi wa Kijerumani unapoumiza zaidi.

Mfanano hauishii hapo. Liyongo alipochomwa aliinuka, akachukua uta, akaenda akapiga goti karibu na kisima mshale ukiwa tayari, akafa hivyo hivyo, na watu wa mji wakakaa na kiu kwa kuogopa maiti. Siegfried naye, mkuki ukiwa bado umesimama mgongoni, aliruka kutafuta upanga na uta, akakuta Hagen amekwisha kuviondoa. Akabaki na ngao tu, akamrukia nayo akampiga hata vito vilivyopambiwa ngao vikatawanyika, ndipo akaanguka katikati ya maua. Mtunzi wa wimbo wa metali anayekosa kuiona picha hiyo ya ngao na maua amepoteza kitu ambacho angeweza kukiimba.

Na kuhusu umbo la utenzi, ambalo tafsiri za nathari hulificha: kila ubeti una mishororo minne mirefu, kila mshororo umekatwa vipande viwili, na kipande cha mwisho kabisa kina pigo moja zaidi ya vingine. Mtunzi hupenda kukitumia kipande hicho kirefu kutabiri msiba ujao, hata pale watu wanapokuwa katika karamu. Mtu aliyezoea kusubiri kina cha bahari, yaani kile kinachorudi mwishoni mwa kila ubeti wa utenzi wetu, atauhisi uzito huo mara moja. Nimeisikiliza albamu mara mbili kwa kusihiwa na mwanangu, na natamani kungekuwa na wimbo mmoja tu uliotungwa kwa mwendo huo.

Jibu kutoka kwa Nyuzi Nne

Shikamoo Mwalimu. Mimi napiga besi katika bendi ndogo ya hapa Nairobi, na kwa heshima zote nitawatetea kidogo waliotunga albamu hii, kwa sababu nadhani tunawahukumu kwa kazi ambayo hawakukusudia kuifanya.

Linganisheni majina ya nyimbo za “Excalibur” na ya “Rheingold”. Katika albamu ya kwanza mna Pendragon, Morgane le Fay, Tristan, Lancelot na Mordred: ni albamu ya watu, na ndiyo maana muulizaji aliifuata kwa urahisi akiwa na kitabu mkononi. Katika ya pili hakuna hata jina moja la mtu. Kuna pete, dhahabu, ngome, majitu, mabinti wa vita, upanga, joka, mwongo, muuaji, machweo. Mwanzoni nilidhani huo ni uvivu wa kubuni majina. Baadaye, nilipoanza kusoma jinsi Wagner alivyopanga muziki wake, nikaona kwamba orodha hiyo inafanana sana na orodha ya viashiria vyake, yaani zile tuni fupifupi alizozifunga kila moja kwa kitu fulani: iko tuni ya pete, ya dhahabu, ya Valhalla, ya majitu, ya upanga, ya joka, na okestra inapoipiga msikilizaji anajua kinachofikiriwa hata kama mwimbaji amenyamaza. Grave Digger hawana saa 15 za kuzisuka tuni hizo, kwa hiyo wamefanya lililowezekana: wamekipa kila kitu wimbo wake na kiitikio chake. Ndiyo maana ukitafuta mtiririko wa matukio utachoka, lakini ukisikiliza kila wimbo kama sanamu ya kitu kimoja mambo yanakaa sawa.

Lipo pia suala la sauti. Chris Boltendahl, mwimbaji wa bendi, hana sauti ya shujaa kijana; ana mkwaruzo wa mzee aliyekwisha kuona mengi, na sauti kama hiyo inafaa kusimulia kuliko kuigiza. Kwaya ndiyo inayobeba viitikio, na yeye anabaki kuwa manju. Gitaa nalo limebadilika: Uwe Lulis aliyepiga kwenye zile albamu tatu aliondoka baada ya “Excalibur”, nafasi yake ikachukuliwa na Manni Schmidt, aliyewahi kuwa katika bendi ya Rage, ilhali Jens Becker kwenye besi, Stefan Arnold kwenye ngoma na H. P. Katzenburg kwenye kinanda walibaki. Kwa masikio yangu mpigo umekuwa mkavu zaidi na usio na harufu ya kijiji iliyokuwamo kwenye “Tunes of War” na zumari zake za Kiskoti, nao unaelekea upande wa jumba la opera. Huo ni uamuzi unaolingana na Wagner kuliko na mghani wa mwaka 1200.

Ngao na maua, Mwalimu, nakubali. Hilo nimelisoma mara tatu leo.

Swali dogo kutoka kwa Binti Tabora

Samahanini kwa kuingilia. Kama hekaya ni yao na Wagner ni wao, kwa nini wanaiimba kwa Kiingereza? Sisi tukimwimba Liyongo kwa Kiingereza si tutachekwa?

Jibu kutoka kwa Kando ya Rhein

Dada, sababu ya kwanza ni ya kawaida tu. Bendi nyingi za metali za Ujerumani zimeimba kwa Kiingereza tangu miaka ya 1980 kwa kuwa wanunuzi wa santuri na tiketi wako nchi nyingi, na Grave Digger imefanya hivyo tangu albamu yake ya kwanza ya mwaka 1984.

Lakini ni vema kujua pia kwamba kwa Kijerumani hekaya hii ina historia nzito. Tarehe 30 Januari 1943, jeshi la Ujerumani lilipokuwa limezingirwa Stalingrad, Hermann Göring, mmoja wa viongozi wakuu wa Wanazi, alihutubia kwenye redio akawalinganisha askari wale na mashujaa wa Nibelungen waliopigana hadi mtu wa mwisho ndani ya ukumbi wa Etzel uliokuwa ukiungua, yaani ile nusu ya pili ya utenzi ambayo muulizaji hakuiona kwenye albamu. Sidai kwamba bendi iliiacha nusu hiyo kwa sababu ya hotuba, maana anayemfuata Wagner haikuti kabisa. Nasema tu kwamba ukiimba kwa Kijerumani kuhusu ukumbi ule, wazee wa hapa watakumbuka jambo jingine kabla ya muziki.

Kutoka tena kwa Mkono wa Gitaa

Nawashukuru wote, hasa kwa subira. Jana usiku niliigeuza karatasi kama nilivyoelekezwa, nikasikiliza ule mwanzo wa mizani 136 nikiwa nimezima taa, kisha nikaicheza albamu yote. Mistari yote 10 imepata mahali pa kwenda, ingawa “Liar” niliusogeza mara mbili. Maelezo ya Nyuzi Nne kuhusu vitu badala ya watu ndiyo yaliyonifungua zaidi, kwani nilikuwa nikimtafuta Siegfried katika kila ubeti kama askari anayetafuta mtuhumiwa.

Nimebakiwa na swali moja kwa Mwalimu. Nataka kuurudia utenzi, safari hii si wote. Nianzie wapi? Na je, ni kweli kwamba “The Ring” ndio wimbo usio na chochote cha kuungana nacho upande wa utenzi?

Jibu kutoka kwa Mwalimu wa Fasihi

Marahaba Nyuzi Nne, na hoja yako ya viashiria nimeipokea. Nitaisikiliza albamu mara ya tatu.

Ndugu Mkono wa Gitaa, anzia sura ya 14, uende moja kwa moja hadi ya 17, halafu uruke hadi ya 19, ambamo Hagen anaizamisha hazina katika mto Rhein. Utaona jambo la kufurahisha: Wagner anaanza na dhahabu ikiwa mtoni na kumaliza ikirudi mtoni, ilhali mtunzi wa kale anaipeleka mtoni katikati ya hadithi na kuiacha huko, kwa kuwa Kriemhild na Hagen wanakufa katika sura ya 39 bila ya yeyote kujua ilipo. Pale Worms, ukingoni mwa mto, iko sanamu ya shaba ya mwaka 1905 inayomwonyesha Hagen akiwa ameinyanyua hazina hiyo tayari kuitupa.

Ama pete, imo, ila uliipita bila kuitambua kwa sababu ulikuwa ukitafuta pete ya kutawala ulimwengu. Rudi sura ya 10. Siegfried anamsaidia Gunther, mfalme wa Worms na kaka yake Kriemhild, kwa siri, gizani, kumshinda mkewe Brünhild chumbani mwao, na katika kuondoka anamvua Brünhild pete ya dhahabu na mshipi, akavichukua. Mtunzi anasema hajui kama alifanya hivyo kwa majivuno. Baadaye akampa mkewe zote mbili. Katika sura ya 14 malkia hao wawili wanagombana mbele ya mlango wa kanisa kuu la Worms, kila mmoja akitaka kutangulia kuingia, na Kriemhild anamtolea Brünhild ile pete mbele ya watu wote. Pale ndipo Siegfried alipokufa. Mkuki wa sura ya 16 ulikuja kumaliza tu. Vuta mstari wa nne kwenye ile karatasi yako ya kwanza.